Kundi Lenye Jina la Marehemu

Mwaka juzi tulicheza Kombani, siku ya soko. Mchezo ulikuwa wa kuwahamasisha vijana dhidi ya itikadi kali: kijana anarubuniwa, anavuka mpaka kwenda Somalia, mamake analia, chifu anaingia, mwisho wote tunashikana mikono na kuimba. Tulishaucheza Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga. Malipo yalikuwa nauli na chakula cha mchana, na ukibahatika, mia tano juu. Mimi ndiye niliyekuwa kijana.

Tulipomaliza, mama mmoja anayeuza viazi karai aliniita. "Mwanangu, yule kijana wenu anaitwa nani?"

Nikakosa jibu. Kwenye karatasi aliandikwa "Kijana" tu. Mama akageuza viazi vyake kwenye mafuta, akasema, "Wangu alikuwa na jina." Hakuongeza neno. Hata viazi sikununua, niliona haya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria kundi jingine la maigizo, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 2001, nchi ikiwa vitani. Linaitwa Studios Kabako. Kabako ni jina la mtu, tena mtu aliyekwisha kufa.

Mwanzilishi wake ni Faustin Linyekula. Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, mji mdogo kando ya Mto Kongo, akakulia Kisangani. Na Kisangani si ugenini sana kwetu watu wa pwani. Kiswahili kilifika huko karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na mwaka 1887 aliyefanywa gavana wa eneo hilo alikuwa Tippu Tip, mtu wa Unguja. Hadi leo Kiswahili kinasemwa huko, bega kwa bega na Kilingala.

Linyekula alisoma fasihi na maigizo Kisangani. Alikuwa na marafiki wa rika lake waliopenda vitabu kama yeye, na mmoja wao ndiye Kabako. Mapema miaka ya 1990 Zaire ilikuwa inaporomoka, na Mobutu alipofunga vyuo vikuu, vijana wale wakabaki na vitabu mkononi bila darasa. Linyekula akaja Nairobi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo nikisikia habari ya mtu aliyefungiwa mlango wa chuo akatokea jukwaani, nasikiliza kwa makini. Tofauti ni kwamba yeye chuo kilifungwa. Changu kiko wazi mpaka leo, ni mimi niliyebaki nje.

Mwaka 1997, hapo Nairobi, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, moja ya makundi ya kwanza ya dansi ya kisasa ya jukwaani Kenya. Mei mwaka huo Mobutu akaanguka. Na mwaka huohuo, usiku wa Agosti 13, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha ferini. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika vurugu zilizofuata, na maelfu ya watu wa bara waliokuwa wamejenga maisha yao hapa wakakimbia. Washambuliaji walikuwa wamejifunzia katika msitu wa Kaya Bombo, hapa Kwale.

Sikuwa nimezaliwa. Lakini nimekua nikisikia watu wazima wakihesabu miaka kwa tukio hilo: fulani alioa kabla ya Kaya Bombo, duka lile lilifungwa baada ya Kaya Bombo. Sauti hushuka kidogo, kisha mazungumzo yanaendelea. Nyumbani kwetu jina la msitu nimelisikia mara mia. Jina la aliyekufa sijalisikia hata moja.

Kongo nayo haikupumua. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Waasi walikaribia kuiteka Kinshasa wakakata umeme wa jiji, na upande wa mashariki Kisangani ikaangukia mikononi mwao. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo kama marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani kwa siku sita. Waliokufa majumbani mwao, mamia kwa mamia, walikuwa raia wa mji ambao haukuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Januari 2001 Rais Laurent Kabila akapigwa risasi ikuluni. Mwanawe Joseph akachukua nchi akiwa na miaka 29.

Mwaka huo ndio Linyekula alioamua kurudi. Hebu fikiria. Watu wenye uwezo wanatafuta viza ya kutoka, yeye anaingia. Na hata hakuweza kurudi kwao, manake Kisangani ilikuwa ng'ambo ya mstari wa vita. Alirudi Kinshasa, jiji ambalo si la utoto wake, akaanzisha kundi na kulipa jina la rafiki yake wa Kisangani.

Kabako hakufa kwa risasi, na hilo lilinishangaza nilipolisoma. Alikufa kwa tauni, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwenye vitabu vya historia tu. Lakini tauni humuua nani siku hizi? Dawa yake ipo. Humuua mtu ambaye nchi yake imekwisha, hospitali haina dawa, barabara haipitiki. Ukihesabu wafu wa vita kwa risasi pekee, Kabako hayumo. Linyekula alimweka pahali ambapo hawezi kurukwa: kila bango, kila tiketi, kila barua ya kuomba fedha ina jina lake.

Kazi ya kwanza ya kundi hilo ilitoka mwaka huohuo wa 2001. Baadaye wakatengeneza tamasha la uongo, yaani maonyesho yaliyobeba jina hilo hasa, Festival of Lies. Jukwaani kuna taa ndefu nyeupe kama zile za dukani, wachezaji wanazihamisha huku na kule, na sauti za viongozi wa Kongo zinasikika kutoka rekodi za zamani, ahadi juu ya ahadi. Watazamaji wanauziwa chakula na vinywaji, bendi inapiga. Hakuna chifu anayeingia mwishoni kutupatanisha. Unakula, unacheka, unasikia ulivyodanganywa.

Mwaka 2006 wakaja na Dinozord, waliyoipa jina la jukwaani la kijana mmoja mcheza hip hop. Humo Linyekula anarudi Kisangani kumtafuta Kabako, kaburi lake na ndoto zao, huku muziki wa maombolezo wa Mozart ukiimbwa. Humo pia kuna maneno ya rafiki mwingine wa ujanani, Antoine Vumilia, yaliyoandikwa gerezani. Vumilia alikuwa amehukumiwa kifo katika kesi ya mauaji ya Kabila. Mwaka 2011 alitoroka, akafika Sweden, na baadaye akapanda jukwaani mwenyewe katika mchezo uleule ambao zamani aliingia kwa karatasi tu.

Tusijidanganye lakini. Kazi zao nyingi zimelipiwa na majumba ya maigizo ya Ulaya. Dinozord ilianzia Vienna, ikafika Avignon. Mtu anaweza kuuliza: yule mama wa Kisangani aliyefiwa aliona nini? Ni swali la haki, na nadhani Linyekula mwenyewe alijiuliza, kwa sababu vita vilipoisha na njia kufunguka, mwaka 2006 alihamishia kundi Kisangani. Angeweza kukaa Paris, bana. Alirudi kufundisha vijana kando ya mto uleule.

Sisi pia tunalipwa na wenye pesa wa mbali, sina la kumcheka mtu. Linalonisumbua ni nani anaandika karatasi. Sisi tuliletewa hadithi ikiwa na mwisho wake, na nafasi tupu iliyoandikwa "Kijana". Linyekula alianza na rafiki mmoja aliyekufa, na mengine yakatoka hapo. Nilikuwa nadhani kundi la maigizo wakati wa vita kazi yake ni kuleta amani. Siku hizi nadhani kazi ya kwanza ni ndogo kuliko hiyo na ni ngumu zaidi: kumtaja mtu mmoja kwa jina lake, mbele za watu, bila kumgeuza somo.

Na hapa kwetu hilo si jambo jepesi. Kijana aliyekwenda Somalia akarudi, au aliyechukuliwa usiku asionekane tena, jina lake linaweza kuiletea familia mgeni asiyepiga hodi. Kwa hivyo akina mama wanayameza majina, na sisi tunaingia sokoni na "Kijana" wetu tukiimba.

Kundi letu limebaki na watu wanne. Wawili wako Qatar, mmoja anaendesha bodaboda Diani na hana tena muda wa mazoezi. Mimi nimeambiwa kuna nafasi ya ulinzi Doha, nijibu kabla mwezi haujaisha. Bado sijajibu.

Juma lililopita nilirudi Kombani. Nilinunua viazi vya hamsini, nikasimama mpaka wateja wakapungua, nikamwambia mama kwamba tunataka kuuandika mchezo upya, na kwamba safari hii kijana atakuwa na jina, akituruhusu. Alinitazama kwa muda.

"Njoo nyumbani kwanza," akasema. "Uje na wenzio. Jina haliombwi sokoni."

Tunakwenda Jumapili.