Msikiti wa Brick Lane: Nyumba Moja, Dini Tatu

Nimewasikia vijana wetu hapa Uingereza wakijisifu kwamba Waislamu "wameliteka" kanisa la Brick Lane, mashariki mwa London. Nimewasikia na wengine wakilalamika kwa neno hilo hilo. Taarikhi haiwasadiki wote wawili.

Jengo lile lilijengwa mwaka 1743 na Wahugenoti, Waprotestanti wa Kifaransa. Wazee wao walikimbia mateso baada ya Mfalme Louis wa 14 kuifuta, mwaka 1685, amri ya Nantes iliyowapa ruhusa ya kuabudu. Wengi wao katika mtaa wa Spitalfields walikuwa wafumaji wa hariri. Ukutani waliweka saa ya jua yenye maneno ya Kilatini yanayomkumbusha mpita njia kwamba binadamu ni kivuli tu.

Wajukuu wakawa Waingereza, Kifaransa kikawatoka, jamaa ikatawanyika. Mwaka 1809 jengo likatumiwa na jumuiya iliyokusudia kuwaingiza Mayahudi katika Ukristo; mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Kisha, mwaka 1898, Mayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki wakalifungua kuwa sinagogi. Pale pale walipotakiwa wabatizwe, wakasoma Taurati! Wengi wao walikuwa mafundi cherehani. Walipoinukiwa na maisha wakahamia kaskazini mwa jiji, na sinagogi likapwaya.

Hapo ndipo Waislamu wa Kibengali, wengi wao wenyeji wa Sylhet na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walipolinunua. Mwaka 1976 likafunguliwa kuwa msikiti. Hawakuteka, walinunua. Wala hawakupokewa kwa maua: Mei 1978 kijana wa Kibengali, Altab Ali, mshonaji, aliuawa karibu na mtaa huo, na maelfu wakaandamana kupinga ubaguzi.

Basi funzo letu ni lipi? Wahugenoti hawakunyang'anywa kanisa na adui. Lugha iliwaponyoka watoto, na watoto wakahama. Nasi tuna misikiti na majumba ya jamaa ughaibuni, yaliyopatikana kwa michango ya wazee ambao majina yao yamo katika madaftari yanayoliwa na mchwa. Tuyahifadhi madaftari hayo, na hati za waqfu pamoja nayo, tuwasomeshe watoto Kiswahili kilichoandikiwa, ili siku nyumba zikibadilika wenyewe, ijulikane nani alizianzisha.

Saa ya Wahugenoti ingali ukutani mwa msikiti. Waislamu hawakuiondoa.