Serengeti: Udongo Ulioumbwa na Mvua Haba

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu zaidi ya milioni moja hukusanyika kuzaa katika tambarare za kusini-mashariki mwa Serengeti, kaskazini mwa Tanzania. Huko hakuna mto wa kudumu, na miti ni adimu. Wanachokifuata ni nyasi fupi, na ubora wa nyasi hizo hutokana na udongo.

Udongo huo ulianza kama majivu ya volkeno. Mlima Kerimasi, ambao umekwisha kuzimika, na jirani yake Ol Doinyo Lengai, uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007, ilitema majivu yenye kalisi na sodiamu kwa wingi, na pepo za mashariki zikayatandaza tambarareni. Lakini majivu peke yake si udongo. Kazi iliyobaki ilifanywa na mvua, tena mvua haba.

Nyanda za juu za Ngorongoro hukinga pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mawingu yakivuka huwa yamekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yao. Hivyo kusini-mashariki hupata takriban milimita 500 kwa mwaka, ilhali kaskazini-magharibi, kuelekea Ziwa Victoria, hupata hata 1,000. Milimita 500 hutosha kuyeyusha madini ya majivu, ila hazitoshi kuyasukuma chini kabisa. Maji huzama kidogo, hufyonzwa na mizizi au hugeuka mvuke, na chokaa hubaki pale yalipokomea. Kwa maelfu ya miaka chokaa hiyo imegandamana kuwa tabaka gumu mfano wa saruji, mahali pengi kwa kina kisichozidi mita moja.

Mizizi ya migunga hailipenyi kwa urahisi. Nyasi, ambazo mizizi yake husongamana karibu na uso wa ardhi, huridhika na kina hicho. Zikifa huacha mboji inayoshika chembe za majivu pamoja na madini ambayo mvua nyingi ingeyachukua. Ndiyo maana majani yake yana kalisi na fosforasi, anazozihitaji nyumbu anyonyeshaye.

Magharibi zaidi, penye miamba ya kale ya matale, mteremko nao huamua: kichanga juu, na bondeni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakulima wa Usukuma huuita mbuga. Mfuatano wa namna hiyo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanganyika, aliupa jina la katena mwaka 1935.

Pasipo nyasi, upepo ulioleta majivu huyahamisha tena. Karibu na Olduvai, tuta la mchanga mweusi wenye umbo la mwezi mwandamo lingali linasogea kuelekea magharibi.

Tabaka gumu halina akiba ya maji. Mvua zikikoma, kwa kawaida mwezi Mei, nyasi hukauka upesi, na makundi hushika njia ya kaskazini hadi Maasai Mara, nchini Kenya.