Propela ya mbao na hewa ya Ukunda

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, samahani sana. Nilikuwa nahangaika na propela (wenye kamusi wanaiita rafadha).

Mzee mmoja wa hapa Ukunda, fundi wa injini tangu zamani, ana ndoto ya kufufua ndege ya mbao na kitambaa aina ya Gipsy Moth. Aliniomba nimwandikie programu ya kumsaidia kuchagua injini na propela. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe!

Hebu tuanze na historia, maana ni tamu. Mwaka 1925 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilitoa Moth ya kwanza. Injini yake ilibuniwa na Frank Halford kwa ujanja ambao sisi waandishi wa programu tunauelewa mara moja: alichukua injini ya Renault ya silinda nane, iliyobaki kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akatumia nusu yake. Silinda nne, nguvu za farasi 60, ikaitwa Cirrus. Akiba ya mabaki ilipoanza kwisha, de Havilland wakatengeneza injini yao wenyewe, Gipsy, yenye farasi karibu 100. Wilson Airways ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth.

Sasa propela. Ichukulie kama skrubu inayojipenyeza hewani. Panga likilazwa kwa pembe ndogo, kila mzunguko unasogea kidogo: ni kama gia ya kwanza ya matatu, unapanda vizuri lakini mwendo ni mdogo. Pembe ikiwa kubwa unakwenda kasi ukishakuwa juu, ila kuondoka ardhini ni taabu. Cessna Caravan zinazoleta watalii Diani hubadilisha pembe hiyo zikiwa angani. Moth haiwezi. Propela yake ni kipande cha mbao kilichochongwa, na ulichochagua siku ya kununua ndicho utakachoruka nacho.

Mambo ya pwani nayo yana vituko vyake. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha kiangazi husinyaa, na boliti zinalegea. Halafu kuna matumbawe. Injini ya Gipsy ya mwanzo ilisimamisha silinda zake juu, kwa hiyo shafti ilikuwa chini na propela ikakaribia ardhi. Baadaye Gipsy III na Gipsy Major ziligeuzwa kichwa chini miguu juu, propela ikainuka na rubani naye akaona mbele.

Mabadiliko hayo hayakumfikia Denys Finch Hatton, yule mwindaji ambaye Karen Blixen aliandika habari zake. Mei 1931 aliruka na Gipsy Moth yake hadi pwani, upande wa Takaungu, na alipotua jiwe la tumbawe likaumega ncha ya propela. Akapiga simu ya maandishi Nairobi, Tom Campbell Black wa Wilson Airways akamtumia nyingine. Akaenda Voi kutafuta ndovu. Tarehe 14 Mei aliondoka hapo, ndege ikazunguka uwanja, ikaanguka na kuwaka moto. Sisemi ni propela mpya iliyomwua. Ninachosema ni kwamba hakuwa peke yake: pamoja naye alikuwemo mtumishi wake, Kamau. Filamu ilimsahau, na hata mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilimpita tu.

Turudi kwenye programu yangu. Ilifanya hesabu vizuri kabisa, ikapendekeza propela ya pembe kubwa, na mzee alikuwa karibu kuiagiza. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii ni hewa ya wapi?" Nikaangalia. Nilikuwa nimeweka hewa ya vitabuni, usawa wa bahari, nyuzi 15 za Selsiasi. Nyuzi 15 Ukunda, jamani! Saa nane mchana hapa ni 32. Hewa ya moto ni nyepesi, na injini inaihisi kana kwamba uwanja uko futi 2,000 juu ya bahari. Uwanja wa Wilson, ulio futi 5,500 na ushee, ukifika nyuzi 25 hewa yake ni kama ya futi 8,000. Farasi 100 za Gipsy hapo hubaki robo tatu hivi, na propela nayo inakosa cha kuuma. Kwa propela ile, mzee angefika mwisho wa lami ya Ukunda magurudumu yakiwa bado chini, na minazi mbele yake.

Nimerekebisha. Juzi nimempelekea namba mpya, pembe ndogo zaidi. Amevaa miwani akazisoma moja moja, kisha akaniuliza kama uzito ule ni wa mtu mmoja au wawili.

Ulikuwa wa mmoja.