Jinsi ya kukabiliana na mafua kabla ya mtihani wa kuimba

MAFUA hayabishi hodi. Mara nyingi humpata mtahiniwa wa kuimba siku chache tu kabla ya mtihani, hasa katika miezi ya Juni hadi Agosti ambapo baridi hutanda Nairobi na nyanda za juu. Jambo la kwanza analopaswa kubainisha ni mahali ugonjwa ulipofika: puani tu, au hadi kwenye zoloto.

Zoloto ndilo kasha la sauti, na ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Mwimbaji anapotoa ile noti ya A inayotumiwa kulinganishia ala, nyuzi hizo hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Zikivimba, huwa nzito. Noti za juu hutoweka na sauti ya chini kwa chini hukatikakatika.

Ili kujua hali yake, mtahiniwa na aimbe wimbo rahisi anaoufahamu, kwa sauti nyororo na ya juu. Ikitoka safi, mafua yako puani na anaweza kuendelea kwa tahadhari. Ikitoka na pumzi nyingi, au ikikubali tu anapoipaza, nyuzi zimevimba na dawa ya kwanza ni kunyamaza. Aliyepwewa sauti akilazimisha kuimba, mshipa mdogo wa damu waweza kupasuka kwenye nyuzi hizo, na hapo atahitaji kimya cha siku nyingi.

Kunyamaza si kunong'ona. Mnong'ono wa kulazimisha huzichosha nyuzi, sawa na kukohoa makusudi ili kusafisha koo. Ni afadhali kumeza mate au kunywa maji kidogo.

Maji yanywewe mara kwa mara mchana kutwa, wala si kwa pupa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Kinywaji hupita kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti. Manufaa yake hupatikana baada ya mwili kuyapokea maji hayo. Kwa sababu iyo hiyo, asali, tangawizi na limau hutuliza koo na kikohozi lakini haziponyi uvimbe wa zoloto. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja hupunguza maumivu ya koo. Anayejifukiza mvuke aketi mbali na maji yanayochemka asije akaungua.

Kuhusu dawa, uangalifu wahitajika. Mafua husababishwa na virusi, hivyo antibiotiki hazisaidii. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, humfaa mwimbaji kuliko aspirini au ibuprofeni, ambazo huweza kuzidisha uvujaji wa damu. Aidha, aspirini haipewi aliye chini ya umri wa miaka 16 bila agizo la daktari. Baadhi ya dawa za kukausha kamasi hukausha koo pia, na zile za kufisha ganzi huficha maumivu ambayo ni onyo la mwili.

Mazoezi nayo yapunguzwe. Dakika tano za kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa, au kuimba kupitia mrija wa soda, hupasha sauti bila kuichosha. Muda uliobaki utumiwe kukariri maneno na kuusoma muziki kimyakimya.

Siku ya mtihani, kumbukumbu ya alama humwondolea mtahiniwa hofu. Katika mtihani wa ana kwa ana wa kuimba wa bodi ya ABRSM ya Uingereza, ambao hufanywa pia nchini Kenya, jumla ni alama 150 na anayepata 100 hufaulu. Nyimbo tatu zina alama 30 kila moja. Wimbo wa jadi usio na ala una 21, kuimba kwa kusoma noti papo hapo 21, na jaribio la usikivu 18. Mtahini hutuza anachokisikia, lakini hasikilizi uzuri wa sauti pekee: usahihi wa noti, mapigo na maana ya wimbo huzingatiwa pia, na hayo hayaondolewi na pua iliyoziba.

Hata hivyo, sauti ikiwa imekauka kabisa, mwalimu ajulishwe mapema na cheti cha daktari kitafutwe ili utaratibu wa kuahirisha ufuatwe. Mwenye homa kali asidhani ni mafua tu, bali apimwe malaria. Anayepata shida ya kupumua akimbizwe hospitalini, na sauti isiyorejea baada ya wiki tatu ichunguzwe na daktari wa masikio, pua na koo. Mtihani hurudiwa, sauti iliyoumizwa haina badali.