Ufinyu wa Mlo: Jina kwa Ugonjwa wa Watu Wazima

Mtoto anayekataa mboga tunasema anachagua chakula. Mtu mzima akifanya hivyo tunasema anadeka. Lakini fikiria mtu wa miaka 35 ambaye miaka nenda miaka rudi ameishi kwa chipsi, mkate mweupe na biskuti, hata vipimo vikaonyesha upungufu wa damu na vitamini. Kudeka gani huko?

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika toleo la tano la mwongozo wake wa kutambua magonjwa, kwa jina la Kiingereza avoidant/restrictive food intake disorder, kwa kifupi ARFID. Toleo lililotangulia lilikuwa na kipengele cha watoto tu, tena wale ambao tatizo liliwaanza kabla ya miaka 6. Watu wazima hawakuwa na pa kuwekwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo inautambua.

Tafsiri ya harakaharaka ya jina hilo ni “ugonjwa wa kuepuka na kuzuia ulaji”. Sina ugomvi na kuepuka. Kuzuia ndiko kunakonikera, kwa sababu anayezuia ana nia. Kujinyima kuna kasoro hiyohiyo. Kususa ni kubaya zaidi: anayesusa ana kinyongo, na anataka aliyemuudhi amwone. Kufunga kumeondolewa na mwongozo wenyewe, kwani saumu haihesabiwi, wala njaa ya nyumba isiyo na unga. Na tofauti na mwenye anoreksia, anayejinyima kwa kuogopa unene, mwenye ARFID hasumbuliwi na unene wala hatafuti wembamba.

Kinachomsumbua ni nini basi? Kwa mmoja ni hisi: utelezi wa bamia au harufu ya samaki humtapisha kabla hajaonja. Kwa mwingine njaa haisikiki, na kula ni kazi kama kazi nyingine. Wa tatu alipaliwa na nyama siku moja, tangu hapo koo lake haliamini kitu kigumu. Mara nyingine sababu hizo hukutana kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana napendekeza “ugonjwa wa kuepuka chakula na ufinyu wa mlo”. Ufinyu unaitaja sahani bila kumshitaki mwenye sahani. Atakayesema mlo ni chakula cha wakati mmoja tu namkumbusha kwamba wataalamu wa lishe walishalipanua neno hilo zamani waliposema mlo kamili.

Mtego wa pili wa tafsiri uko kwenye matibabu ya ugonjwa huu. Walioelemewa huhitaji tiba nzito (kwa Kiingereza, intensive) kuliko miadi ya mara moja kwa wiki, na mfasiri mvivu atakimbilia “tiba ya wagonjwa mahututi”. Msomaji ataona mashine za kupumulia! Shule zetu zina msamiati mzuri zaidi: kutwa na bweni. Tiba ya kutwa ni ile ambayo mgonjwa huja asubuhi, hula milo yake mezani pamoja na mtaalamu, jioni akarudi kwake; ya bweni ni ile ambayo hulala hukohuko. Aliyedhoofika sana hulazwa, pengine akalishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Huyo haongezewi chakula kwa pupa: mwili uliozoea uhaba ukishibishwa ghafla, fosfeti katika damu huweza kushuka hadi moyo ukayumba, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara.

Mezani kazi huenda polepole. Kipande cha embe kidogo kuliko ukucha huwekwa mbele ya mgonjwa. Hukitazama, hukigusa, hukinusa, hukionja, kisha hukitafuna, na kila hatua husema anachokiona au kukihisi bila kutoa hukumu ya “kizuri” au “kibaya”. Jennifer Thomas na Kamryn Eddy wa Boston, walioandika mwongozo wa tiba ya namna hii, wameipangia vikao 20 hadi 30.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za tiba ziliandaliwa kwa ajili ya wenye anoreksia. Mgonjwa wetu huketi katika kikao cha kikundi kinachojadili kioo na mizani akiwa hana la kuchangia, na pengine wenzake wakadhani anaficha.