Samaki Aliyejipiga Picha

Ugweno yetu, huku kwenye milima ya Upare, ilisifika kwa chuma zamani, na wahunzi wake walikuwa ukoo wa Washana. Wasuya chini ya Angovi waliwanyang'anya utawala, lakini uhunzi ukabaki mikononi mwa Washana. Aliyeujua moto aliendelea kuogopwa hata alipokuwa hatawali. Kwetu sisi Wagweno si ajabu, basi, mtaalamu kumwambia mkubwa wake: hapa tuishie.

Neno hilo Kanali Stafford Warren alilitamka Agosti 1946, kisiwani Bikini katika Bahari ya Pasifiki.

Warren alikuwa daktari wa eksirei. Mwaka 1930, akiwa Rochester, Marekani, alichapisha utafiti wa kupiga picha matiti ya wanawake ili kutafuta saratani, akiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kufanya hivyo. Vita vilipokuja akavishwa sare, akawa mkuu wa tiba katika mradi uliotengeneza bomu la atomiki. Septemba 1945 alikuwa Japani, akiwatazama kwa macho yake waliounguzwa na bomu hilo.

Mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitaka kujua bomu litazifanya nini manowari. Wenyeji 167 wa Bikini walihamishwa, meli kuukuu zikatiwa nanga, na Warren akakabidhiwa usalama wa mionzi chini ya Admirali William Blandy. Tarehe 25 Julai bomu la pili lililipuliwa chini ya maji. Maji yenye sumu ya mionzi yakazimwagikia meli.

Mabaharia walipandishwa kwenda kuzisafisha. Walisugua sitaha kwa brashi na sabuni wakidhani uchafu huu ni kama uchafu mwingine. Haukutoka. Makapteni walizitaka meli zao, na sumu isiyoonekana wala kunuka ni vigumu kuiamini. Isitoshe, vipima mionzi walivyokuwa navyo havikuweza kuitambua plutonia, ambayo ndiyo iliyomtisha Warren zaidi, kwa sababu ikiingia mwilini hukaa humo miaka na miaka.

Tarehe 10 Agosti akamwekea Blandy picha mezani. Ilikuwa ya samaki aliyevuliwa pale pale kwenye wangwa. Hakupigwa kwa mashine yoyote: alilazwa juu ya filamu, na mionzi iliyokuwa ndani yake ikamchora yenyewe. Blandy alisimamisha usafishaji siku hiyo hiyo. Jaribio la tatu nalo likafutwa. Kwangu mimi, picha ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya Warren, ingawa mabaharia wengi walikuwa wameshafikiwa na mionzi.

Alivua sare mwaka ule ule. Mwaka 1947 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na miaka ya 1960 alikuwa mshauri wa Rais Kennedy, kisha Johnson, kuhusu watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1971 Tuzo ya Enrico Fermi ilitolewa kwake na kwa Shields Warren, daktari aliyetumikia jeshi la majini, wajina wake asiye nduguye. Alifariki mwaka 1981.

Mabaharia wa Bikini hawakustaafu kwa heshima hiyo. Wengi wa waliopitia majaribio ya atomiki walifungwa midomo na siri za kijeshi, na sheria ya kuwafidia wagonjwa ilikuja mwaka 1988, baada ya miaka 42.

Mionzi inatuhusu na sisi pia: Tanzania ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 1983. Ile ya mwaka 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo husoma beji za wafanyakazi wa mionzi ili kujua kila mmoja amepokea kiasi gani. Kijana wetu unayefanya kazi chumba cha eksirei, iwe huku milimani au hospitali ya KCMC Moshi, ivae beji yako kila siku, ipeleke ikasomwe, na uulize majibu yake.