Mkoa mmoja, majina manne: nani mwenye Singida?

Septemba 2025 Singida Black Stars iliifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1 na kubeba Kombe la Kagame. Kwa mkoa uliozoea kutajwa kwa alizeti na kuku wa kienyeji, ni heshima kubwa. Ila ubingwa huo umeacha swali: uandikwe katika historia ya timu ipi?

Kwa ufupi, Singida United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikiwa na kocha Hans van der Pluijm, ikafika fainali ya Kombe la FA 2018 na kulala 3-2 mbele ya Mtibwa Sugar, kisha ikashuka daraja 2020. Mwaka 2022 timu nyingine, DTB, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu, ikageuzwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate.

Kioja chenyewe ni cha 2024. Dirisha dogo la usajili, kina Duke Abuya, Elvis Rupia na Marouf Tchakei waliondoka Singida Fountain Gate kwenda Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya. Muda si mrefu Ihefu nayo ikahamishia mechi zake za nyumbani Uwanja wa Liti, mjini Singida, huku Singida Fountain Gate ikienda kucheza CCM Kirumba, Mwanza. Timu yenye jina la Singida ikawa mpangaji Mwanza. Timu ya Mbeya ndiyo ikawa mwenyeji Singida. Shabiki aliyenunua jezi msimu huo alikuwa akiwatazama wachezaji wake wakiwa ndani ya jezi za watu wengine. Amshangilie nani?

Msimu ulipokwisha, Ihefu ikabatizwa Singida Black Stars. Fountain Gate ikalivua jina la Singida na kuhamia Babati. Watu wa Mbarali wakapoteza timu iliyokuwa imekatisha mbio za Yanga za mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Hao hawakumbukwi sana siku hizi.

Wasomaji wa katuni za mashujaa wa Marekani wanaujua ugomvi huu wa nani mwenye mali. Shujaa ni mali ya kampuni, inayoweza kumuua, kumfufua au kumbadilisha vazi, ingawa msomaji ndiye aliyekua naye. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwaachia wasomaji wapige simu kuamua kama Jason Todd, aliyekuwa Robin, msaidizi wa Batman, wakati huo, afe au apone. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 apone. Akafa kwa tofauti ya kura 72. Mwaka 2005 kampuni ikamfufua. Mwenye kalamu alibaki na kalamu yake, lakini walau aliwahi kuuliza.

Singida ina shujaa wake pia. Uwanja wa Liti, zamani Namfua, umepewa jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwapiga Wajerumani kwa jeshi la nyuki. Simulizi hiyo imedumu kwa sababu wenyewe waliendelea kuisimulia. Ni timu chache mkoani zilizopewa muda wa kusimuliwa hivyo.

Kubadili jina si dhambi. Simba iliitwa Sunderland hadi 1971, ila wanachama walikuwa walewale wa Kariakoo, na waliokuwa wakiiita Sunderland jana waliiita Simba leo. Huko Singida yamebadilika majina, wachezaji na hata viwanja, mashabiki wakipata taarifa baadaye.

Mwenye timu ana haki ya kuibadilisha jina. Ila asishangae siku Simba na Yanga zikija Singida, nusu ya uwanja ikiwa nyekundu na nusu ya pili kijani na njano. Hizo ndizo timu ambazo shabiki ana hakika atazikuta msimu ujao.